Saa nane ipi?

Jana asubuhi binti yangu kanibana: "Baba, mbona simu imeandika 6:50 na wewe unasema saa moja kasoro kumi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Hombolo, kule Dodoma.

Ule mradi wa mizani. Makarani wanapima zabibu, wanaingiza kilo kwenye simu, hifadhidata iko kwenye seva ya kukodi huko Ayalandi. Seva yote niliipanga kwa Ansible, programu inayopanga seva kwa kufuata faili la maagizo, na maagizo hayo nikayajaribu kwa Molecule: hiyo inaumba seva ya muda, inaipanga, inaipanga tena kuhakikisha safari ya pili hakibadiliki kitu, inaikagua, inaifuta. Kijani tupu, yaani kila jaribio limepita. Nikajiona fundi.

Kikaoni tulikubaliana hifadhidata izimwe saa nane usiku, inakiliwe, iwashwe. Daftarini nikaandika "saa 8". Kwenye faili la maagizo, mahali pa saa ya kuzima, nikaweka 8.

Siku ya kwanza ya mavuno, saa tano asubuhi, simu za makarani ziligoma zote kwa mpigo. Jua la Dodoma mnalijua. Foleni ya kreti imefika hadi kwenye mbuyu, nyuki wamejaa, na zabibu za mzee mmoja zipo juu ya mizani zinachuruzika taratibu kwenye kiatu changu. Nikapiga magoti vumbini, nikafungua laptopu, nikaendesha majaribio upya. Kijani. Nikaendesha tena. Kijani. Nikamgeuzia karani kioo aone, kana kwamba kijani kinapima kilo. Mzee akainama naye akatazama, mikono nyuma.

"Mwanangu, hiyo mashine imekwenda kunywa chai?"

"Hapana, mzee. Inasema ni nzima."

"Basi ituambie na sisi."

Watu wakacheka. Mimi pia, kidogo. Baada ya dakika ishirini mfumo ukaamka wenyewe.

Kesho yake, saa tano ileile, ukazima tena, na hapo ndipo nilipohesabu kwa vidole. Seva inafuata UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu; 8 yake ni saa tano yetu ya asubuhi. Ningekosea UTC peke yake nikaandika 2, ndiyo saa nane ya usiku kwa Kizungu, ingezima saa kumi na moja alfajiri na mpaka leo nisingejua. Na jaribio langu? Liliuliza kama ratiba imeandikwa 8, nayo ilikuwa imeandikwa 8. Shahidi niliyemfundisha mwenyewe. Halafu ile seva ya majaribio ilizaliwa na kufa ndani ya dakika kumi. Haikuwahi kuiona saa nane yoyote, ya Kiswahili wala ya Kizungu.

Nikaweka 23, ndiyo saa nane yetu ya usiku kwa UTC. Siku hizi jaribio linasogeza saa ya mashine mbele na kungoja lione kinachozimwa. Naliamini, kiasi.

"Sasa Baba, ipi ndiyo ya kweli?"

Nikamwambia avae viatu, gari la shule linafika saa moja.

"Saa moja ya wapi?"