Mono wa Kibirizi

Kihispania changu cha mwaka 2009 kilikuwa cha daftari: maneno mia mbili hivi, nusu yake wanyama, kwa kuwa wageni wa Kigoma niliowajua walifuata sokwe wa Gombe. Chimpancé, sokwe. Mono, kima au nyani. Basi nikajiona mkalimani.

Asubuhi ile nilikuwa Kibirizi, ufukwe wa Ziwa Tanganyika hapo Kigoma, na mama mmoja Mhispania, tunasubiri boti. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa mchangani, mmoja kabeba mgongoni mtoto wa kiume, mashavu tele. Mgeni akamshika kidole, macho yakamlegea: "¡Qué mono!"

"Anasemaje?" mama mtoto akaniuliza.

"Anasema, nyani gani huyu!"

Kimya. Bibi mmoja akatua beseni lake la dagaa taratibu, na kwa bibi wa Kibirizi hiyo ni dalili mbaya. "Mwanangu, mwambie huyo mzungu, nyani ni yeye na aliyemzaa."

Hilo sikulitafsiri. Nikamgeukia mgeni kwa Kihispania cha kuokoteza, na alipoelewa akaiva uso kama mawese. Kumbe kwao Hispania mono si mnyama tu, ni sifa: mtoto aliyependeza, wa kubusu. Angekuwa wa kike, angesema mona.

Nikawaeleza. Bibi akanitazama mimi, wala si mgeni. "Kwa hiyo nyani ni wewe."

Ndani ya boti tulilipekua lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Mjanja kwetu ni sungura, kwao ni zorro, mbweha. Ila akanionya nisithubutu kumwita mwanamke zorra, maana hapo umeshamwita malaya. Mwoga kwetu kunguru, kwao gallina, kuku. Wale wakubwa tunaowaita mapapa, wao husema pez gordo, samaki mnene, na hapo tukacheka, ziwa lote likiwa mbele yetu. Fisi akatushinda. Mimi nashikilia ni mlafi, yeye anasema hiena ni mtu katili. Tukamwacha.

Kesho yake jioni tuliporudi, dagaa walikuwa wameshaanuliwa. Mama mtoto alituona boti haijagusa hata mchanga.

"Kaka! Mwambie mgeni Mono wake kalala!"

Bibi alikuwa anafunga gunia. Hakugeuka.