Chungu cheusi: nimetoka studio kwa mfinyanzi, mpango umebadilika

Wadau, apdeti ya mradi wangu wa kufinyanga chungu cheusi, kile nilichokuwa nimepanga kukipaka rangi nyeusi. Jumamosi nilienda kumsikiliza mama mmoja mfinyanzi mzoefu akielezea kazi zake, halafu akatuingiza studio tukamwona akifinyanga mubashara.

Maelezo yalikuwa mafupi, slaidi chache, na alimtaja sana Magdalene Odundo, yule mzaliwa wa Nairobi anayejenga vyungu kwa mkono, bila gurudumu la kuzungushia udongo wala gilezi (ile rangi ya kioo inayopakwa juu ya chungu). Vikichomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha vinatoka na wekundu wa chungwa, vikirudishwa motoni hewa ikiwa imebanwa vinageuka vyeusi. Udongo ni ule ule! Chuma kilichomo kinanyang'anywa oksijeni na kaboni ya moshi inapenya. Kwa hiyo ile habari ya kutafuta rangi nyeusi ya kupaka nimeifuta kabisa.

Studio sasa ndo palikuwa patamu. Alikanda udongo, akalikata pande kwa waya tukaona vitundu vya hewa, akarudi kukanda mpaka akikata ndani hamna hata kimoja. Akaviringisha kamba za udongo nene, akawa anazipanga juu ya kitako na kuziunganisha, dole gumba linashusha udongo kwa ndani, kiganja cha pili kinazuia kwa nje, na chungu hakizunguki, yeye ndo anakizunguka, anatembea kinyumenyume bila kuangalia chini. Sijawahi kuona ukuta unapanda sawasawa vile.

Kutuonyesha kung'arisha alichukua chungu kingine kilichokauka nusu, akakisugua kwa kokoto laini, mizunguko midogo midogo. Ukiwahi unachimba mifereji, ukichelewa unapata vumbi tu. Nikamuuliza nitajuaje kimekauka cha kuchoma, akachukua kimoja akaniwekea shavuni, kilikuwa cha baridi. Akasema hicho bado kina maji, na moto ukipita nyuzi 100 maji yanakuwa mvuke na chungu kinapasuka. Pia kama umeking'arisha usipeleke moto juu sana, ukivuka 1000 hivi mng'ao unafifia, hili naona ndo la muhimu zaidi kwangu.

Changu nimekifunika nailoni kikauke taratibu, wiki hii ni kokoto tu. Mliowahi kubana hewa kwenye tanuri la gesi, mlianzia nyuzi ngapi?