Mzuzu mbichi, vidonge vya maumivu na utando wa tumbo

Huku Rungwe, wilaya ya mkoa wa Mbeya, ambako migomba imezunguka karibu kila nyumba na wachuma chai wengi hufika uzeeni wakiwa na magoti na viuno vinavyouma, diklofenaki na aspirini zimekuwa dawa za maumivu za kawaida mno, nami huumia kuona wazee wetu wakizimeza wiki baada ya wiki bila mtu kuwaeleza zinavyofanya kazi tumboni.

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake, ikiwamo diklofenaki, huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huchochea maumivu na uvimbe kwenye kiungo kilichoumia, lakini tumboni ndizo zinazoamsha utoaji wa ute na bikabonati (chumvi inayozimua asidi) vinavyoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazodumisha mzunguko wa damu kwenye utando. Kwa sababu hiyo hata sindano ya diklofenaki, ambayo haipiti kinywani, inaweza kuleta kidonda, na kula kabla ya kumeza kidonge si kinga ya kutegemewa.

Kinachonivutia zaidi ni ndizi. Mwaka 1984 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalisha panya unga wa mzuzu mbichi, aina ya ndizi ya kupika, uliokaushwa: panya hao walipopewa aspirini walipata vidonda vichache, na utando wa matumbo yao ulinenepa. Mwaka 1999 kiambata kinachohusika kilitajwa kuwa leukosianidini, ambayo ni flavonoidi, yaani moja ya kundi la kemikali za mimea. Nayaamini matokeo hayo, lakini tumbo la panya si la mzee wa hapa Tukuyu, mji wa Rungwe, na unga mkavu si sawa na ndizi zilizochemshwa pamoja na nyama. Ningependa sana watafiti wetu wapime mzuzu wa hapa, mbichi na uliopikwa.

Baada ya tumbo, yaani kwenye utumbo, mambo ni magumu zaidi. Ini huifunga diklofenaki kwenye molekuli nyingine na kuitoa kupitia nyongo, kisha bakteria wa utumbo huifungua upya kwa vimeng'enya vyao, hivyo seli za utumbo mwembamba hukutana nayo tena na mitokondria za seli hizo, yaani sehemu zinazozizalishia nishati, huathirika. Omeprazoli, inayopunguza asidi, haisaidii huko, kwa kuwa tatizo la huko si asidi. Ndiyo maana viambata vya mimea, kama kwasetini ya vitunguu, hujaribiwa maabarani kwenye seli za Caco-2, ambazo asili yake ni saratani ya utumbo mpana ingawa zikikomaa hufanana na seli za utumbo mwembamba. Hata hivyo, seli hizo huogeshwa kiambata moja kwa moja, ilhali kwa mtu anayekula kitunguu sehemu kubwa ya kwasetini hubadilishwa na utumbo na ini.

Wala asili ya mmea si dhamana ya usalama. Karbenoksoloni, iliyotokana na mzizi mtamu wa mmea wa likorisi, ilitibu vidonda vya tumbo kweli, lakini ilipandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu.

Kwa hiyo mzee aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kabla ya kumeza diklofenaki, na asichanganye dawa mbili za jamii hiyo. Akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asipewe kwanza uji wa ndizi.