Nusu saa angani, siku nzima njiani

Mbukwenyi! Nimerudi Dodoma salama, harusi ya mpwa wangu kule Chake Chake ilifana.

Sasa niwasimulie ile ndege. Kutoka uwanja wa Unguja hadi wa Pemba ni kama kilomita 125 kwa mstari wa angani, yaani karibu sawa na kutoka hapa hadi Mpwapwa kwa barabara. Muda? Nusu saa hivi! Lakini kabla ya hapo tulikaa zaidi ya saa mbili tukisubiri, na tukapimwa uzito sisi na mizigo. (Zabibu zangu za zawadi nusura ziniumbue.)

Kindege chenyewe kidogo, cha propela moja, nikamwona rubani anavyobonyeza vitu vyake. Mtu wa nchi kavu kama mimi, niliyezoea vumbi na mibuyu, kuona maji pande zote! Nungwi ikabaki kushoto, kisha buluu tupu. Bado natafuta rozari mkobani, mara naona mikarafuu.

Mama akaniuliza kwa simu, "Mmeshapaa?" Nikamjibu, "Mama, tumeshatua."