Siku Tuliyomnyoa Dume wa Kiafghani

Nilizaliwa nikawakuta mbwa wa Kiafghani, wale mbwa wa kuwinda wenye manyoya marefu, nyumbani kwetu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kila familia hutenga jioni nzima katika juma kwa ajili ya kuosha, kukausha na kuchana manyoya. Mama ndiye aliyeingia nao ulingoni siku za mashindano ya maonyesho ya mbwa, baba aliendesha gari na kubeba meza ya kuchania, na mimi na dada yangu tulipewa kazi ya kuwavisha kitambaa kichwani kabla hawajala, ili masikio yao yenye manyoya marefu yasichovye bakulini. Kwa kuwa tulijulikana kwa mbwa hao, watu walioshindwa kuwatunza wa kwao walianza kutupigia simu, na hivyo tukajikuta na kazi ya pili, ya kuwapokea mbwa hao, ambayo haikuwa na kikombe wala utepe wa ushindi.

Dume ninayemkumbuka kuliko wote aliletwa asubuhi moja nyuma ya gari la mtu ambaye hakutaka kukaa hata anywe maji. Alikuwa wa rangi ya mchanga, aliyekwisha kukomaa lakini bado si mzee kwa jinsi meno yake yalivyoonekana. Inaelekea hakuwa amechanwa tangu alipobadilisha manyoya ya utotoni, kipindi ambacho manyoya ya mbwa hawa husokotana upesi mno na ambacho wamiliki wengi hukata tamaa. Mgongoni na ubavuni manyoya yalikuwa yamegandamana kama zulia kuukuu lililonyeshewa, na fundo kubwa la kwapani lilimvuta mguu wa mbele hata akawa hawezi kunyoosha hatua. Hakubweka wala hakutikisa mkia. Alisimama uani akatazama mbali, juu ya vichwa vyetu sote, kana kwamba tulikuwa tumemkatizia shughuli. Mgeni angesema ni mbwa aliyevunjika moyo. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kwa maana ndivyo mbwa wa Kiafghani mwenye afya anavyomtazama mtu asiyemjua.

Dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kushiriki mashindano ya vijana, alimsihi mama manyoya yale yasikatwe. Alisema yeye mwenyewe angekaa ayafumue kwa vidole, fundo baada ya fundo, hata ikichukua wiki nzima.

“Mwanangu,” mama alimjibu, “hayo manyoya unayoyalilia ndiyo yanayomchuna. Lete mashine.”

Daktari wa mifugo alipofika alipendekeza tumlaze kwa nusukaputi ili kazi iishe haraka. Mama alimweleza kwa heshima kwamba mbwa wa aina hii wana mafuta kidogo sana mwilini, na kwamba baadhi ya dawa za usingizi, hasa za jamii ya barbiturati, hukawia kuwatoka, sembuse mbwa aliyedhoofika. Daktari alilijua jambo hilo na hakuona haya kukubali kwamba kumnyoa akiwa macho, kwa vipindi vyenye mapumziko, ni salama zaidi. Alimpima moyo, akatuonya tusiguse mafundo kwa mkasi kwa sababu ngozi huvutwa ikaingia ndani yake na kukatwa bila mtu kuona, kisha akaahidi kurudi jioni.

Tulianza shingoni. Mimi nilishika kichwa, mama aliendesha mashine, na kila meno yake yalipopata moto alisimama akayapoza, kwani chuma kinachochoma ngozi kingetupotezea uvumilivu wa mbwa huyo kwa siku zote zilizobaki. Manyoya yalitoka kwa vipande vizima. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, yenye majimaji sehemu za kwapani, na masikioni damu ilikuwa imevilia.

Mifupa ya nyonga ilipojitokeza, dada alianza kulia akisema mbwa amekufa njaa. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya miaka ya mama ulingoni. Hakuiangalia nyonga kabisa, maana kwa mbwa wa Kiafghani mifupa hiyo hutokeza hata akiwa ameshiba; alipitisha viganja mbavuni, akashuka kwenye misuli ya mapaja, namna ile ile waamuzi wanavyopapasa mwili uliofichwa na manyoya. “Amekonda,” alisema, “lakini si kwa kiasi mnachodhani. Mapaja ndiyo yamelegea, kwa kutokimbia.”

Baba, ambaye hakuwahi kuyapenda manyoya marefu, aliitumia nafasi hiyo kutusimulia historia, labda pia kutuliza mikono yetu. Alitueleza kuhusu mbwa aliyeitwa Zardin, aliyeonyeshwa London mwaka 1907 na kuwafanya Waingereza waitamani aina hii. Kuhusu mbwa wa familia ya Bell-Murray walioletwa Scotland karibu mwaka 1920, ambao manyoya yao yalikuwa machache. Na wale wa ukoo ulioitwa Ghazni waliofuata mwaka 1925, wa asili ya milimani, wenye manyoya mengi zaidi. Kwa maoni yake, wafugaji wa mashindano walizidi kuyarefusha kizazi baada ya kizazi, kwa sababu manyoya yanayopepea ndiyo yanayomvutia mtazamaji. Mama alikuwa na picha ya Shirkhan of Grandeur, mbwa wa Kiafghani aliyeshinda maonyesho ya Westminster, New York, mwaka 1957, ukutani mwa chumba cha kuchania, na siku nyingine yoyote angebishana. Siku ile aliendelea kunyoa tu. Mimi naona baba alikuwa na haki: uzuri uleule unaoleta utepe ndio unaomchosha mtu wa kawaida hadi akamfungia mbwa nyuma ya nyumba.

Fundo la kwapani lilikatika karibu na jioni. Dume alinyoosha mguu, akaukunja, akaunyoosha tena, kisha akaenda kulala kwenye kiti cha baba bila kuomba ruhusa ya mtu. Daktari aliporudi alisafisha vidonda, akaacha dawa ya kupaka.

Alikaa kwetu mpaka ngozi ikapona na mapaja yakajaa. Mama alimkabidhi kwa familia nyingine akiwa bado na manyoya mafupi, na akawawekea sharti kwamba wamnyoe kila yanaporefuka, wawaache wenye mashindano wahangaike na vitana. Aliwauliza zaidi kuhusu uzio kuliko kuhusu brashi, kwa kuwa mbwa anayewinda kwa macho, akishamwona sungura, hasikii tena anapoitwa. Na hakumwachia kamba yake mpaka alipokwenda mwenyewe kuupima uzio huo urefu.