Kabla ya kununua sabsoila, pima tabaka gumu

Usinunue wala kukodi sabsoila, yaani zana ya kupasua tabaka gumu lililo chini ya udongo wa juu, kabla ya kuchimba shimo lenye kina cha sentimita 50 katikati ya shamba. Choma ukuta wa shimo kwa ncha ya kisu, ukishuka kidogo kidogo. Kinapogoma ndipo tabaka gumu linapoanza. Kikiingia tena kwa urahisi, limeisha. Tazama na mizizi ya mahindi: ikifika hapo hukunja kwenda ubavuni.

Tabaka likiishia sentimita 15, ripa ya Magoye, zana ya kupasulia isiyozama sana, inatosha. Likishuka hadi 20 au zaidi, tafuta sabsoila ya Palabana. Zote asili yake Zambia, na hufungwa kwenye plau ya kawaida ya ng'ombe: fungua boliti, toa jembe na bawa lake, weka mguu wa kupasulia, kaza. Ncha ipite sentimita 5 chini ya tabaka. Isipozama, refusha mnyororo au uupandishe tundu moja kwenye rekebisho, kile chuma chenye matundu mbele ya plau. Ng'ombe wakielemewa, tangulia na ripa, kisha sabsoila ifuate mstari uleule.

Udongo lazima uwe mkavu. Ukiufinyanga ukatoa kamba, ahirisha: udongo mbichi haupasuki, mguu unakata mfereji mwembamba na kuzisiliba kuta zake, mizizi isipenye. Fanya mara baada ya mavuno, ng'ombe wakiwa bado na nguvu; mwisho wa kiangazi wamekonda mno kwa kazi hii.

Acha sentimita 75 hadi 90 kati ya mistari, na mahindi yapandwe juu ya mpasuo. Ukirudi kulima kwa plau msimu ujao, tabaka litajijenga upya.