Kiini cha Zamani, Moduli Mpya

Stima zilipotea saa tisa alasiri, siku ya kazi, Agosti 2020, katika jengo moja la katikati ya jiji la Nairobi ambako chama cha akiba na mikopo kilikuwa na ofisi. Betri ya akiba ilishika kama dakika 20, ikatosha kuzima kila kitu kwa utaratibu. Stima ziliporudi saa kumi na nusu, seva yenyewe iliwaka bila shida, na mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja) nne kati ya tano zilizokuwa juu yake zikawaka pia. Ya tano, iliyobeba hesabu za wanachama, ilisimama kwenye skrini nyeusi:

error: symbol `grub_calloc' not found.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Kafyu ya korona wakati huo ilianza saa tatu usiku, kwa hiyo saa za kufanyia kazi zilikuwa zinahesabika. Mhasibu alikuja akasimama nyuma ya kiti.

"Kijana wangu, hesabu za watu zimepotea?"

"Hapana, mama. Ngoja nikuonyeshe."

Niliandika `ls`, amri ya kuorodhesha vilivyopo, na GRUB, programu inayouamsha mfumo mashine inapowaka, ikajibu `(hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos1)`. Halafu `ls (hd0,msdos1)/`, na majina yakajipanga kwenye mstari: etc, home, var, boot na mengine. Diski inaonekana, partisheni (fungu la diski) inasomeka, faili zipo. Mhasibu alipoyaona yale majina alivuta kiti akaketi.

Jibu hilo dogo lilifuta nusu ya makosa ambayo mtu angeyashuku. GRUB ikisema `unknown filesystem`, shuku partisheni iliyoharibika au iliyohamishwa. Ikisema `no such device` na kufuatisha namba ndefu ya UUID, kitambulisho cha partisheni, partisheni inayotafutwa haipo au imepewa UUID nyingine. Ikisema kwamba `normal.mod` haipatikani, mara nyingi tatizo ni prefix, yaani anwani ya folda ya GRUB, na dawa yake ni fupi:

set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Mwenzangu alikuwa kwenye simu, na hayo ndiyo aliyonisomea. Nilijaribu. `insmod normal` ilirudisha maneno yale yale ya `grub_calloc`. Hapo ikawa wazi kwamba faili imepatikana, imefunguliwa, na imekataliwa. Kuendelea kuibadilisha prefix kungetupotezea jioni nzima.

Kwenye mashine inayowaka kwa BIOS, njia ya zamani ya kuanzisha kompyuta, GRUB inakaa mahali pawili, na jambo hili ndilo linalosahaulika. Kipande cha kwanza kimo kwenye sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na kati ya hizo ni 446 tu zilizo za programu. Hicho hakifanyi zaidi ya kukiita kiini, `core.img`, kilichoandikwa kwenye sekta zinazofuata, kabla ya partisheni ya kwanza inayoanza kwenye sekta ya 2048. Mahali pa pili ni ndani ya mfumo wa faili: `/boot/grub/i386-pc`, penye moduli nyingi zinazoishia na `.mod`. Kiini kikiamka kinaenda kuichukua `normal.mod`, nayo ndiyo inayoleta menyu. Moduli hizo zinategemea kazi (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina) zilizomo ndani ya kiini. Kiini kikiwa cha toleo moja na moduli za toleo jingine, moduli inaomba kazi ambayo kiini hakijawahi kuisikia.

Na kazi ya `grub_calloc` ilikuwa mpya kabisa. Tarehe 29 Julai 2020 ilitangazwa kasoro ya usalama ya GRUB iliyoitwa BootHole, CVE-2020-10713, pamoja na nyingine kadhaa zilizogunduliwa wakati huo. Marekebisho yake yaliongeza `grub_calloc`, inayoomba kumbukumbu huku ikihakikisha hesabu ya ukubwa haijafurika. Debian, mfumo wa Linux uliokuwa kwenye mashine hii, na wenzake walitoa vifurushi papo hapo. Kwa hiyo, kabla hata sijaifungua diski, nilijua kwamba moduli ni za baada ya tarehe hiyo na kiini ni cha kabla yake. Kilichobaki ni kujua kwa nini kimoja kilisasishwa na kingine kikaachwa.

Niliizima mashine kwa `virsh destroy`, jina la kutisha kwa amri ambayo inakata stima tu na haifuti chochote. Kisha nikanakili faili ya diski:

cp --sparse=always hesabu.qcow2 hesabu-kabla.qcow2

Ilichukua kama dakika tisa, na mhasibu aliuliza mara mbili kama tunangoja nini. Dakika hizo sizipunguzi hata leo. Anayeandika kwenye sekta za mwanzo za diski yenye hesabu za watu bila nakala pembeni anacheza na kitu kisicho chake.

Tulikuwa na ISO (faili ya CD nzima) ya Debian ya kuwaka moja kwa moja, imehifadhiwa kwenye seva ile ile. Niliitia kwenye virt-manager, programu ya kusimamia mashine pepe, kama CDROM, nikaipandisha juu ya mpangilio wa kuwaka. Mazingira yalipofunguka niliangalia kwanza kama `/sys/firmware/efi` ipo, folda inayoonekana mashine ikiwaka kwa EFI, mrithi wa BIOS. Haikuwepo, basi ni BIOS, na kifurushi kinachohusika ni `grub-pc`. Ingekuwepo, safari ingekuwa nyingine: `grub-efi-amd64` na partisheni ya EFI ya kupachikwa kwanza.

mount /dev/vda1 /mnt
mount --bind /dev /mnt/dev
mount --bind /proc /mnt/proc
mount --bind /sys /mnt/sys
chroot /mnt

Amri ya mwisho, chroot, inakuingiza ndani ya mfumo ulio kwenye diski kana kwamba ndio uliowaka. Mistari ya katikati si pambo. Ukiiruka, `grub-probe` inalalamika kwamba haioni kifaa cha `/` na kukuuliza kama `/dev` imepachikwa. Wengi husoma lalamiko hilo wakadhani diski imekufa.

Ndani ya chroot niliangalia `/var/log/apt/history.log`. Tarehe 30 Julai, alfajiri, masasisho ya kujiendesha yalikuwa yameweka `grub-pc` mpya. Kisha nikauliza kifurushi chenyewe kinajua nini kuhusu diski, kupitia debconf, rekodi ya mipangilio ya vifurushi:

debconf-show grub-pc | grep install_devices

Jibu lilikuwa `/dev/disk/by-id/ata-VBOX_HARDDISK_VB` na herufi zake za mwisho. Niliusoma mstari huo nikamsomea mwenzangu kwenye simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Februari." Kweli. Mashine hiyo ilizaliwa ndani ya VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe. Mwezi wa Februari tuliihamishia KVM, nyingine ya aina hiyo, kwa `qemu-img convert -O qcow2`, tukabadilisha diski kutoka SATA kuwa virtio, aina ya diski iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, tukaiwasha, ikawaka, tukaendelea na mengine. `/etc/fstab`, orodha ya partisheni za kupachikwa, ilikuwa inatumia UUID, kwa hiyo jina la diski kugeuka kutoka `sda` kuwa `vda` halikumsumbua mtu. Na initramfs ya Debian (mfumo mdogo unaotangulia kuwaka), kwa mpangilio wake wa kawaida wa `MODULES=most`, tayari ilibeba dereva wa virtio. Hakuna kilicholalamika.

Lakini rekodi ya debconf ilibaki na jina la diski ya VirtualBox, na kwenye KVM jina hilo halipo. Diski ya virtio isiyopewa namba ya utambulisho haipati hata kiungo ndani ya `by-id`. Miezi yote ile haikuwa na madhara, kwa sababu kerneli (moyo wa Linux) mpya ikija inaandikwa upya `grub.cfg`, faili ya menyu, tu, kiini na moduli havikuguswa, vikaendelea kuelewana. GRUB mpya ilipokuja, moduli zilinakiliwa ndani ya `/boot`, halafu zamu ya kuandika kiini ilipofika, diski iliyotajwa haikuonekana. Mashine iliendelea kufanya kazi siku nyingi, kwa sababu GRUB haihitajiki tena mfumo ukishawaka. Kukatika kwa stima ndiko kulikotuonyesha kilichokuwa kimeharibika alfajiri ile.

Ukarabati wenyewe ni amri mbili:

grub-install /dev/vda
update-grub

Ni `vda`, diski nzima, wala si `vda1`. Ilijibu `Installation finished. No error reported.` Hapo ndipo watu wengi huondoka, na hapo ndipo kosa linapandwa tena, maana rekodi bado ni ile ya zamani na sasisho lijalo litarudia yale yale. Niliendesha `dpkg-reconfigure grub-pc`. Baada ya maswali ya vigezo vya kerneli inakuja orodha ya diski zenye visanduku. Kisanduku kinatiwa alama kwa kitufe cha nafasi. Ukibonyeza Enter tu, umeiambia isiweke GRUB popote. Nilitia alama kwenye `/dev/vda`, nikathibitisha, nikarudi `debconf-show`. Sasa ilisema `/dev/vda`.

Nikatoka kwenye chroot, `umount -R /mnt`, nikazima, nikaiondoa ISO. Menyu ya GRUB ilitokea, sekunde tano zikahesabika, kerneli ikaanza kutiririsha mistari yake. Mhasibu aliingia kwenye programu, akafungua daftari la mwanachama wa mwisho aliyehudumiwa kabla ya saa tisa, akalilinganisha na risiti ya karatasi iliyokuwa mezani kwake. Shilingi kwa shilingi. Niliizima na kuiwasha mara moja zaidi mbele yake.

Ilikuwa saa moja na robo. Nilibaki na mashine nne nyingine ambazo hazikuwa zimelalamika. Mbili zilizaliwa ndani ya KVM na rekodi zao zilikuwa sawa. Mbili zilihamishwa Februari pamoja na ile ya hesabu, na zote mbili zilikuwa bado zinaitaja `VBOX_HARDDISK`. Ziliwaka siku hiyo kwa sababu masasisho ya kujiendesha hayakuwashwa kwenye hizo mbili, GRUB yao ikawa bado ni ya zamani pande zote mbili. Hizi hazikuhitaji ISO wala chroot, kwani mfumo ulikuwa hai: `dpkg-reconfigure grub-pc`, alama kwenye `/dev/vda`, kisha `apt update`, kusasisha GRUB, na kuwasha upya nikiwa nimekaa pale pale. Ya pili ilirudi saa mbili kasorobo. Mhasibu alizima taa za ofisi, na tukashuka ngazi kutafuta matatu.